UZI: Kabla hujakariri wahusika na dhamira za Takadini, fuatilia kwanza yule mtoto anaitwaje na anaitwa na nani

Wakuu habari za jioni, na wa huku kwetu mwadila.

Mimi nafundisha tuisheni ya Kiswahili hapa Kirumba, Mwanza, madogo wa kidato cha tatu na cha nne, tunakaa kwenye mabenchi mawili nje ya nyumba niliyopanga, upepo ukitoka ziwani harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni inatukuta palepale. Huu uzi nimeuandika kichwani toka mwezi uliopita, leo umeme umekatika na simu ina chaji, acha niutoe.

Ishu ni hii. Dogo anakuja na daftari safi, limepigwa mistari kwa rula, safu ya kwanza WAHUSIKA, ya pili DHAMIRA, ya tatu TAMATHALI ZA SEMI. Kwenye wahusika kaandika "Sekai: jasiri, mvumilivu, ana mapenzi ya dhati". Kwenye dhamira kaandika mila potofu, mapenzi, nafasi ya mwanamke. Kwenye tamathali ana tashibiha tatu na namba za kurasa kabisa. Unamuuliza, haya, Sekai aliondoka kwake kwa sababu gani? Anakuangalia tu. Kitabu hajakifungua, hizo notisi kazitoa kwenye pidiefu inayozunguka kwenye magrupu ya wasapu, na aliyeiandika ile pidiefu naye ukisoma vizuri unaona kabisa kanakili kwa mwenzake maana makosa ya tahajia ni yaleyale.

Sisemi madogo ni wavivu. Wana masomo kibao, na sisi wakubwa ndio tumewazoesha kwamba riwaya inachambuliwa kwanza halafu ukipata muda ndio unaisoma. Ila mimi inaniuma, kwa sababu hiki kitabu kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa sio stori ya mbali hata kidogo, na anamaliza shule bila kujua kwamba kilikuwa kinamzungumzia yeye na mtaa wake.

Kwa ambao hamjakisoma: Takadini ni riwaya ya Ben J. Hanson, imekaa miaka kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari pamoja na Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu. Mambo yanatokea kijijini huko Zimbabwe. Sekai ni mke wa Makwati, amekaa miaka mingi hajapata mtoto, mke mwenzie Rumbidzai ana wivu naye, mwingine Pindai ndio anampenda. Mwisho anajifungua, na mtoto ana ualbino. Mila za pale hazitaki mtoto wa hivyo aishi. Sekai anambeba, anatoroka, anafika kijiji kingine kwa mtawala Masasa, na mzee anaitwa Chivero anawapokea wote wawili. Mtoto anakulia huko, anafundishwa kupiga mbira, anapendwa na binti anaitwa Shingai. Nimefupisha sana, msije mkaishia hapa.

Sasa tunachofanya kwenye benchi. Siku ya kwanza hakuna kuandika dhamira wala nini. Kila mtu anachukua karatasi anaikunja katikati, upande mmoja anaandika NANI, upande wa pili ANAMWITAJE. Tukisoma, kila mtu akimtaja yule mtoto unaandika. Basi. Kazi ni hiyo tu kwa wiki mbili.

Inaonekana ya kitoto lakini subiri uone kinachotokea. Kuna wanaomtaja kwa lile neno la Kishona, musope, na hawana neno lingine la kumtajia. Kuna wanaomtaja kama balaa lililoingia kijijini. Kuna wasiomtaja kabisa, wanamsema tu kwa mama yake. Halafu kuna mama, yeye anamwita mwanangu, anamwita Takadini. Ukiweka karatasi chini ukaitazama, tabia za wahusika zimejipanga zenyewe hujakariri neno hata moja, unajua nani ana roho gani kwa jinsi anavyomtaja mtoto wa mwenzie. Na dhamira ipo hapohapo, hujaitafuta popote.

Alafu jina lenyewe. Takadini maana yake "sisi tumefanya nini?". Niliwauliza madogo hii ni tamathali gani, kimya. Nikawaambia ni swali linaloulizwa bila kusubiri jibu, au anayeuliza jibu analijua. Binti mmoja akasema polepole, tashititi. Ndiyo, tashititi! Jina la kitabu kizima ni tamathali ya semi na kwenye zile notisi haipo hata moja, kwa sababu wao wanawinda "kama" na "mithili ya" tu wakidhani lugha ya picha inakaa humo peke yake.

Nakuja, mafundi umeme wamerudisha, naweka simu chaji.

*

MLETA UZI, naendelea

Kabla sijasahau, hiyo "sisi" kwenye jina ilitugombanisha jioni nzima. Sisi ni nani? Mmoja akasema Sekai na Makwati, wazazi. Mwingine akasema mama na mtoto, maana ndio waliolazimika kukimbia. Kuna dogo wa Igombe, baba yake mvuvi wa dagaa, akasema sisi ni kijiji kizima, anayeuliza ni Sekai lakini swali linarudi kwao, nyie mmemfanya nini huyu. Sikuwapa jibu. Niliwaambia kila mtu achague lake alilinde kwa tukio la kwenye kitabu, sio kwa maneno yake. Ndio maana halisi ya kuchambua, unashikilia wazo na mkono wa pili umeshika ukurasa.

*

MDAU (Sengerema)

Mwalimu hongera, ila tuwe wakweli. Mimi nina mikondo mitatu, darasa moja watoto sabini na kitu, vitabu vipo vitano. Hayo ya karatasi kukunja yanawezekana kwenye benchi mbili zako. Kwenye mtihani wanaulizwa insha, dhamira mbili kutoka riwaya mbili, hoja tatu kila kitabu. Mtoto akiandika mambo ya kuitwa na kutoitwa msahihishaji atampa ngapi?

*

MLETA UZI

Mkuu nakuelewa, nimekaa kwenye darasa kama hilo kabla sijaanza tuisheni. Vitabu vitano kwa watu sabini usigawe. Soma wewe kwa sauti, au chagua wasomaji wanne wazuri, mmoja msimulizi, wengine wahusika, ukurasa mmoja na nusu kila kipindi, hao wengine sitini wana karatasi tu. Kusikia nako ni kusoma, tena riwaya hii inasikika vizuri kuliko inavyosomwa kimyakimya. Kwa nakala, Maktaba ya Mkoa hapa mjini nenda kaulize, na vitabu vilivyotumika vinapatikana kwa bei nafuu ukiwa mvumilivu wa kuzunguka.

La mtihani sasa. Nakubali kabisa muundo wa swali ndio huo na mtoto lazima aujibu. Ila angalia hii aya, niliitoa kwenye daftari la dogo mmoja mwezi wa kwanza, kaniruhusu:

"Dhamira ya kwanza ni mila potofu. Mila potofu ni mila ambazo zimepitwa na wakati na hazifai katika jamii. Mwandishi ameonyesha mila potofu kupitia mhusika Sekai. Hivyo jamii inapaswa kuachana na mila potofu."

Mistari minne na hakuna kilichotokea. Ukilitoa jina la Sekai ukaweka la mhusika yeyote wa kitabu chochote, aya inabaki vilevile. Hapo ndipo napimia, kama aya inaweza kuhamia kitabu kingine bila kubadilika, huyo mtoto hajasoma.

Huyuhuyu dogo baada ya wiki tano kaandika hivi:

"Mila inayomkataa mtoto mwenye ualbino inaonekana kwa namna Sekai anavyonyang'anywa furaha yake siku ileile anayoipata. Alisubiri mtoto kwa miaka mingi akionekana si mwanamke kamili kwa sababu hana mtoto, na alipompata akaambiwa huyu si mtoto. Jamii iliyomlaumu kwa kukosa ndiyo inayomlaumu kwa kupata. Anapomtorosha hakimbii mume wala kijiji tu, anakikimbia kipimo kinachotumika kumpima yeye na mwanawe."

Bado dhamira yake ni mila, bado ana Sekai, insha yake itakuwa na hoja tatu kama kawaida. Lakini sasa aya haihamishiki. Hayo maneno "iliyomlaumu kwa kukosa ndiyo inayomlaumu kwa kupata" ni ya kwake mwenyewe, mimi nilikaa nikayasoma mara mbili. Umeona mkuu, wahusika na dhamira hawakai safu mbili, ukimwelewa Sekai alichotaka na alichoambiwa aache, dhamira umeshaishika.

*

MDAU (Buzuruga)

Mimi ni mzazi. Naomba kuuliza kuhusu baba, Makwati. Binti yangu kaandika "Makwati ni katili". Ni sahihi? Mimi nilisoma kitabu chake nikiwa namsubiri salon na sikumuona katili.

*

MLETA UZI

Dada wewe umesoma vizuri kuliko notisi. Makwati ndio mhusika wanaemuonea sana kwenye uchambuzi. Ni mtu anayempenda mke wake na anaishi ndani ya mila ambayo hajawahi kuiuliza swali, siku inapomgusa yeye anakuta hana mahali pa kusimama. Huyo sio katili, na kwa mtazamo wangu anatisha kuliko katili, kwa sababu wengi wetu tungekuwa yeye. Katili ni wachache. Wanaokaa kimya wazee wakiamua, ni mtaa mzima.

Mwambie binti asitafute sifa, atafute maswali manne: huyu mtu anataka nini, anaogopa nini, alifanya nini pale ilipombidi achague, na uchaguzi wake ulimgharimu nani. La mwisho ndilo linalotenganisha wahusika. Uchaguzi wa Sekai ulimgharimu Sekai. Uchaguzi wa Makwati, gharama aliibeba Sekai pia. Akishapata hayo, maneno kama mhusika bapa na mhusika duara atayaelewa yenyewe, duara ni yule ambaye majibu yake ya mwanzo wa kitabu na ya mwisho hayafanani.

Na asimsahau Chivero. Kwenye orodha anaandikwa "mzee mwenye huruma" wanapita. Mimi nakaa sana kwake. Huruma ya Chivero haiko kwenye maneno, iko kwenye kazi, anamfundisha mtoto mbira. Mbira ni ile yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ndugu yake wa karibu kwetu ni ilimba ya Wagogo. Fikiria mtoto ambaye watu wakimtazama wanageuza uso. Mzee anampa kitu cha kufanya watu wamsikilize kabla hawajamtazama. Hiyo mbira ni ishara, hakuna mahali mwandishi amekuandikia "hii ni ishara", unaipata kwa kuuliza kwanini mbira na sio jembe.

*

MDAU (Geita)

Ticha samahani naingilia. Mwisho wa kitabu Takadini na Shingai wanapata mtoto ambaye hana ualbino. Hapo mwandishi si katudanganya ili stori iishe vizuri?

*

MLETA UZI

Hapana mkuu, hapo yuko sawa kibaiolojia. Ualbino unarithiwa kwa vinasaba, na kwa kawaida lazima mtoto apate kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ndio maana wazazi weusi kabisa wanaweza kupata mtoto mwenye ualbino, kila mmoja anacho kimoja hakionekani. Na mtu mwenye ualbino akizaa na asiyekibeba, mtoto anatoka na rangi ya kawaida, anakibeba tu. Hii pia inamsafisha Sekai kwa wale wanaodhani aliwakosea mizimu, na inamfuta machozi mama yeyote huku kwetu aliyeambiwa kazaa na jini.

Ila nikuambie ninapokuwa mwangalifu na mwisho ule nikiwa na madogo. Wanashangilia. Nawauliza mnashangilia nini? Wanasema mtoto kazaliwa mzima. Nawauliza, na Takadini hakuzaliwa mzima? Kimya kinaingia. Mwisho wa kitabu unaweza kumfanya msomaji ashushe pumzi kwa sababu ambayo kitabu kizima kilikuwa kinaikataa. Sijui kama kuna swali zuri zaidi la dhamira kuliko hilo, na halijawahi kuwa kwenye notisi yoyote niliyoiona.

*

MDAU (Geita)

Dah. Wabeja, asante. Sikuwahi kufikiria hivyo.

*

MLETA UZI, sehemu ya tamathali

Hapa naomba mnivumilie itakuwa ndefu.

Watu wengi wanafundisha tamathali kama mapambo, kwamba mwandishi kaandika sentensi kisha akaipamba. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa hilo somo tunajua sio kweli, tumelipia. Kumbukeni miaka ile kuanzia 2007 kuendelea, Mwanza, Shinyanga, Geita, watu wenye ualbino walivyokuwa wanavamiwa na kukatwa viungo kwa imani za waganga. Kumbukeni mtaani walikuwa wanaitwaje. Dili. Mtu anapita mwingine anasema dili hilo linapita. Pesa. Hizo ni sitiari wakuu. Hakuna "kama" hapo, mtu hasemi huyu ni kama pesa, anasema huyu ni pesa. Tofauti ya tashibiha na sitiari tunayowafundisha watoto kwa mfano wa simba, "Juma ni kama simba, Juma ni simba", ile tofauti ndogo ya neno moja, mtaani ilikuwa tofauti kati ya mtu na mzigo wa kuuza.

Na kuna ile kauli ya zamani, kwamba watu wenye ualbino hawafi, wanatoweka. Nimeisikia kwa masikio yangu nikiwa mdogo. Ukiitazama kwa jicho la fasihi imefanya kazi ya tafsida, imefunika jambo baya kwa neno laini. Watoto waliokuwa wanauawa wakizaliwa ilibidi kuwe na neno la kuelezea kwanini hawaonekani wakubwa. Wametoweka. Neno moja limefanya kazi ya kaburi.

Nikifika hapo benchi zote mbili zinakuwa kimya. Ndio narudi kwenye kitabu sasa, nawaambia kila picha mtakayokutana nayo muulize vitu vitatu, nani anaisema, inamfananisha na nini, na kile kitu jamii inakifanyia nini. Mtoto akifananishwa na uchafu, uchafu huwa tunaufanyia nini? Tunautupa. Akifananishwa na nyota? Tunaitazama kutafuta njia. Mtu anayechagua picha ameshachagua na kitendo.

Baada ya hapo nawapa zoezi. Andika sentensi moja ya mama anayemficha mtoto usiku, weka tashibiha, simba na kuku na vifaranga marufuku kwa sababu hizo zimechakaa, tafuta kitu ulichokiona wewe kwa macho yako. Yule dogo wa Igombe alikaa muda mrefu sana, wenzake wameshamaliza, akaja na hii:

"Alimkinga mtoto kama baba anavyoikinga karabai matone ya mvua yakianza, kioo kisipasuke."

Waliowahi kuingia ziwani usiku wanajua. Karabai ikiwaka kioo kinakuwa cha moto, tone la mvua likigusa kinapasuka, taa imezimika, usiku wote umeharibika. Siku hizi mitumbwi mingi ina taa za sola lakini baba yake alimwonyesha. Nikamwambia simama utueleze kwanini karabai. Akasema kwa sababu ukiikinga sana hauoni, na usipoikinga inapasuka. Nikamuuliza kingine? Akafikiria, akasema na pia taa ndio inafanya uonekane kutoka mbali, hata kwa watu usiotaka wakuone.

Mimi nilishindwa kuendelea na kipindi. Hiyo ni shida yote ya Sekai. Anachokilinda ndicho kinachomfanya aonekane gizani. Mtoto wa mvuvi kaleta tashibiha kutoka kwenye mtumbwi wa baba yake na ndani yake kuna mhusika, kuna mgogoro, kuna dhamira, na hajaona ile safu ya tatu ya notisi.

*

MDAU (mama, Misungwi)

Nimesoma uzi wote toka juu. Mwanangu ana ualbino yuko kidato cha pili. Hicho kitabu watakisoma na yeye akiwa darasani. Naomba uniambie ukweli mwalimu, ni kitabu cha kumsaidia au kitamuumiza? Shule ya msingi aliteseka na kuitwa majina.

*

MLETA UZI

Mama shikamoo. Nimeliona swali lako jana usiku nikasema nisilijibu kwa haraka.

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumuumiza mtoto kwa kitabu hiki. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado nafundisha shule, darasani kulikuwa na kijana mwenye ualbino, mkimya, anakaa mbele kwa sababu ya macho. Nikaona nimheshimu, nikamwambia asome yeye kwa sauti ile sehemu Takadini anazaliwa. Sikumuuliza kabla. Alisimama, akasoma, alipofika pale watu wanapoanza kumsema mtoto, nyuma ya darasa wakacheka wawili. Hakulia. Alifunga kitabu polepole, akakiweka juu ya meza, akakaa. Mwaka mzima hakufungua tena mdomo kwenye kipindi changu. Mimi ndiye niliyemgeuza mhusika wa kitabu mbele ya watu, yeye alikuja darasani kuwa msomaji kama wengine.

Kwa hiyo mama, kitabu chenyewe naamini kitamfaa, ndani yake mtoto mwenye ualbino ndiye anayebeba stori, anajifunza kazi, anapenda na anapendwa, hayupo pale kuhurumiwa. Kinachoumiza ni jinsi darasa linavyokisoma. Ukiweza fanya hivi: msome naye nyumbani kabla darasa halijafika huko, asikutane na zile sehemu mara ya kwanza mbele ya wenzake. Halafu nenda kaongee na mwalimu wake wa Kiswahili, mwambie mambo mawili tu. Moja, asimsomeshe kwa sauti sehemu zile bila kumuuliza. Mbili, asimuulize "wewe ulijisikiaje", amuulize kama anavyowauliza wengine, Makwati unamuonaje, Chivero unamuonaje. Na maandishi, kama nakala ni za herufi ndogo aombe atolewe fotokopi iliyokuzwa, wengi wao shida ya macho ni kubwa kuliko walimu tunavyojua, mtoto anaonekana hapendi kusoma kumbe haoni mstari.

Na kwenye majina, mimi kwenye benchi langu neno zeruzeru tunalisoma likiwa kwenye karatasi ya ANAMWITAJE tu, ukilisema nje ya hapo unarudia sentensi. Tunasema mtu mwenye ualbino. Madogo walilalamika kwamba ni refu. Nikawaambia ndio, neno "mtu" linachukua nafasi.

*

MDAU (mama, Misungwi)

Asante sana mwalimu. Marahaba. Jumamosi naenda mjini nitakitafuta, tutaanza kusoma naye.

*

MDAU (Sengerema)

Mleta uzi nimejaribu hilo la wasomaji wanne leo, kidato cha tatu B. Nimetumia dakika arobaini kwa kurasa mbili. Kengele imelia hawataki kutoka wanataka kujua Sekai anafika wapi. Karatasi zao nimezikusanya, nyingi za ovyo lakini kuna kama kumi nimeziweka pembeni nitazisoma vizuri. Swali, hii karatasi ya ANAMWITAJE inafanya kazi kwa Watoto wa Mama N'tilie?

*

MLETA UZI

Inafanya mkuu, tena anza na jina la kitabu. Wale ni watoto wa nani? Wa mama n'tilie. Kwanini watambulishwe kwa kazi ya mama wakati baba yupo? Waulize hivyo tu, halafu nyamaza, waache wagombane kidogo. Joka la Mdimu nalo jina lake ni picha tupu, joka linalokaa kwenye mdimu, rangi yake na ya majani ni moja, unanyoosha mkono kuchuma ndimu. Waulize nani kwenye kile kitabu ana rangi ya majani.

Sisi kesho saa kumi tunaingia kwenye sehemu ya Shingai, pale kwao wanapomkataa Takadini. Nina kijana mpya kwenye benchi tangu wiki iliyopita, naye ana ualbino. Safari hii nilimuita pembeni kabla, nikamuuliza kama angependa kusoma na kama anapenda, asome nafasi ya nani, nikamwambia akikataa hakuna tatizo lolote. Akachukua kitabu, akakisogeza karibu na uso, akapekua pekua kurasa kama dakika mbili hivi. Akasema atasoma, ila hataki Takadini. Anataka asome maneno ya upande wa kina Shingai, wale wanaokataa.

Nimemuuliza kwanini, akasema anataka kuona wanavyofikiria.